Jengo la ofisi la zamani, ghorofa nne: mfumo janja wa kupunguza matumizi ya umeme uanzie wapi?

MsimamiziMajengo

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa nne. Kuta ni tofali nene na zege, umeme ni wa fezi tatu, na nyaya nyingi ni zile zile za tangu jengo lilipojengwa. Taa ni mirija ya futi nne yenye balasti za chuma (vidhibiti mkondo vya taa), jumla 220. Viyoyozi vya ukutani viko 26, vingine vya kizamani, vingine vya juzi juzi. Kuna hita mbili za maji, kila moja lita 100 na kilowati 3, pamoja na pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa.

Muuzaji mmoja anapendekeza tubadilishe kila swichi iwe ya Wi-Fi, kila kiyoyozi kifungiwe kidhibiti, halafu vyote viendeshwe na programu moja ya simu. Kabla ya kukubali naomba mnisaidie haya: fedha hazitoshi kufanya vyote, sasa tuanzie wapi? Swichi hizo zitakubali nyaya za zamani? Fundi kafungua chache, anasema ndani kuna waya mbili tu. Mawimbi yatapenya kuta hizi? Na mwisho wa siku nitajuaje kwamba umeme umepungua kweli?

---

Fundi_Fezi3

Mkuu, usinunue swichi hata moja kabla hujapima. Muuzaji kaanza na kifaa. Wewe anza kwa kujua umeme unaenda wapi na saa ngapi. Ofisi ya kawaida ina watu kama saa 50 kwa wiki, na wiki ina saa 168. Kinachovuta umeme katika zile saa 118 zilizobaki ndicho rahisi kukiondoa kuliko kingine chochote, na mara nyingi dawa yake ni saa ya kuzima tu.

Funga mita ndogo kwenye bodi kuu na kwenye bodi ya kila ghorofa. Kwa kuwa jengo linatumika, chukua transfoma za mkondo (vipimio vya umeme unaopita kwenye waya) za kufunguka, zinazobanwa kuzunguka waya bila kuukata. Napendekeza zenye pato la milivolti 333. Zile za pato la ampea 5 zikiachwa wazi upande wa pato huku waya mkuu ukiwa na mzigo, zinazalisha volteji kubwa inayoweza kuua. Weka mita irekodi kila dakika 15 au chini ya hapo, wiki mbili kamili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Kuna kosa la kufunga linaloharibu vipimo vingi, na kwa macho huwezi kuliona: transfoma ipo kwenye fezi ya kwanza, lakini waya wa volteji wa mita umechukuliwa kwenye fezi ya pili. Fezi hizo zimepishana nyuzi 120. Mzigo wa hita tupu utasomeka nusu tu, tena kwa alama hasi. Mzigo wa mota unaweza hata kusomeka karibu na sifuri ilhali inavuta umeme vizuri kabisa. Kwa hiyo ukishafunga, kagua fezi moja moja: washa mzigo unaoujua, kwa mfano ile hita ya kilowati 3, uone kama mita inapanda kilowati 3. Angalia pia mshale ulio kwenye transfoma uelekee upande wa mzigo. Halafu linganisha: jumla ya mita za ghorofa, ukiongeza mizigo iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, ikaribiane na mita kuu, nayo mita kuu ikubaliane na mita ya shirika la umeme kwa tofauti ya asilimia chache.

Ukipata grafu, tazama usiku wa manane. Mstari ule wa chini usiokatika ndio wa kuufuatilia. Ingia jengoni usiku ukiwa na fundi, mzime breka moja moja (baada ya kutenga za seva, zimamoto na ulinzi) na mwandike mstari unashuka kwa kiasi gani. Kila kinachoshusha mstari kina mwenyewe: hita inayojichemshia, friji ya maji ya kunywa, feni ya choo, kiyoyozi cha chumba cha mkutano kilichosahauliwa.

Wakati huo huo pima hali ya nyaya. Kipimo cha ukinzani wa kihami (ganda la waya linalozuia umeme kuvuja) kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na kisipungue megaomu 1 kwa kila sakiti. Chomoa kwanza vifaa vyote vya elektroniki, la sivyo utaviunguza au utapata namba ya uongo. Sakiti iliyofeli isifungwe kifaa chochote kipya hadi waya ubadilishwe. Waya wa zamani wenye ganda la mpira ukikunjwa tu kwenye kisanduku ili moduli (kifaa kidogo cha kuwasha na kuzima kwa mbali) iingie, ganda linapukutika.

---

Fundi_Fezi3

Sasa swichi zenye waya mbili. Fundi wako yuko sahihi, na hiyo ndiyo hali ya majengo mengi ya zamani. Waya mmoja ni fezi (waya wenye umeme) inayoingia, wa pili ni fezi inayokwenda kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, haikushuka kwenye swichi, imepita juu darini hadi kwenye taa. Swichi janja ya kawaida inahitaji nyutro ili ijiendeshe hata taa ikiwa imezimwa.

Zipo swichi za kufanya kazi bila nyutro. Hizo hupitisha mkondo mdogo kupitia taa yenyewe. Kwenye balbu za zamani hilo halikuonekana, lakini kwenye LED taa inabaki na mwanga hafifu au inameta meta usiku kucha. Dawa yake ni kapasita ya kupitishia mkondo huo, inayofungwa sambamba na taa, kwenye taa yenyewe wala si kwenye swichi. Inafanya kazi, ila ukishalazimika kupanda darini kuifunga, ni afadhali uweke rilei (swichi inayoendeshwa kwa amri ya umeme) huko huko juu ambako nyutro ipo.

Na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea kwa jengo hili. Rilei inakaa darini. Kule ukutani zile waya mbili zinaunganishwa na kufunikwa vizuri, na juu yake inabandikwa swichi isiyo na waya: ya betri, au ile inayozalisha umeme wake kwa msukumo wa kidole. Hakuna kuchimba ukuta.

Kitu kimoja msikikubali kabisa, hata fundi akiapa kwamba ndivyo inavyofanyika: kutumia waya wa ethi kama nyutro. Ethi ikikatika mahali popote, mabati ya taa na vifaa yanakuwa na umeme. Kuazima nyutro ya sakiti jirani nako hakufai. Breka ya kinga ya uvujaji itakuwa inaanguka bila sababu inayoonekana, na mtu aliyezima sakiti moja akidhani yuko salama atakuta nyutro ina umeme wa sakiti nyingine.

Kuhusu mirija yenyewe: mrija wa wati 36 na balasti yake ya chuma huvuta takriban wati 45, na wa LED wa urefu huo ni wati 18 hivi. Mara 220, ni karibu kilowati 6 taa zote zikiwaka. Huo ni uokoaji wa uhakika kabla ya kihisi chochote. Ukibadilisha, ondoa balasti kabisa, maana inaendelea kula umeme wake na kupata joto. Ondoa na kapasita iliyokuwa ikirekebisha balasti. Kisha bandika lebo ndani ya taa inayoonyesha umeme sasa unaingia upande mmoja au pande mbili za mrija, kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye na mrija wa aina nyingine.

Angalizo la rilei: dereva za LED (vifaa vinavyolisha taa umeme) zikiwashwa zinavuta mkondo mkubwa sana kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Rilei iliyoandikwa ampea 10 ikibebeshwa taa 20 za LED inaweza kugandisha midomo yake, taa zikawa hazizimiki tena, ijapokuwa mkondo wa kawaida haufiki hata ampea 2. Tafuta rilei iliyoandikwa idadi ya dereva za LED inazobeba au inayofunga volteji inapopita sifuri. Usipoipata, gawa taa kwenye rilei kadhaa.

---

Mkaguzi_Dari

Naongeza moja kabla hamjatoboa. Bodi za dari, maganda ya mabomba ya moto na vigae vya sakafu kwenye majengo ya zamani kama hili vinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Sampuli ipimwe maabara kwanza. Ikithibitika, usitoboe wala usikate. Tumia njia za nyaya zilizopo au upitishe nyaya nje ya dari, na kuondoa asbesto yenyewe waachieni watu wenye leseni ya kazi hiyo.

---

Baridi_na_Hewa

Nichukue viyoyozi, maana kwa 26 nina hakika ndio mzigo mkubwa wa mchana.

Usikate umeme wa kiyoyozi kwa rilei. Kompresa ikikatwa ghafla na kurudishiwa umeme kabla shinikizo la gesi halijasawazika, inakwama na kuvuta mkondo mkubwa. Ndiyo maana zinawekewa subira ya dakika 3 hivi. Mashine kubwa zina hita ndogo inayopasha mafuta ya kompresa, nayo inahitaji umeme hata mashine ikiwa imepumzika. Zima kwa amri: kupitia waya wa mawasiliano wa mashine kama upo, au kifaa kinachotuma mwanga wa rimoti.

Hicho kifaa cha mwanga wa rimoti ni rahisi kufunga, ila kina upofu: kinatuma amri bila kujua kama imepokewa. Tena rimoti nyingi za zamani zinatumia msimbo ule ule kuwasha na kuzima. Mtu akizima kwa mkono saa 11 jioni, mfumo ukituma "zima" saa 12, mashine inawaka na kubaki hivyo hadi asubuhi. Kwa hiyo weka kihisi cha joto kwenye mdomo wa hewa, au transfoma ndogo ya mkondo kwenye waya wa mashine, na mfumo utume amri pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba mashine inafanya kazi.

Kanuni za kuweka ni chache. Ratiba iende na saa za kazi. Joto lisishushwe chini ya 24. Dirisha likifunguliwa kwa zaidi ya dakika 2, mashine izime (kihisi cha sumaku cha betri kinatosha). Chumba kikikaa dakika 20 bila mtu, joto lipandishwe hadi 27, mashine isizimwe kabisa, ili mtu akirudi asiishushe hadi 16 kwa hasira.

Lakini kabla ya yote hayo, safisha vichujio na mapezi ya ndani na nje, na uzibe mianya ya madirisha kwa ukanda wa mpira. Kivuli kinachowekwa nje ya dirisha kinazuia jua kabla halijaingia. Pazia la ndani linapambana na joto ambalo limeshaingia. Tazama jengo la Empire State la New York, lililokamilika mwaka 1931. Lilipokarabatiwa ili kupunguza nishati, madirisha yake 6,514 yalitolewa na kuundwa upya humo humo jengoni, kwa kutumia tena vioo vilivyokuwemo, yakiongezewa utando mwembamba na gesi katikati. Kwa kuwa joto linaloingia lilipungua, mitambo ya kupooza ilifanyiwa matengenezo badala ya kununuliwa mikubwa zaidi. Mpangilio ni huo huo kwa jengo la ghorofa nne: punguza joto kwanza, ndipo uamue viyoyozi vingapi vinastahili kidhibiti na vipi vinastahili kung'olewa.

Hita za maji: kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13 mfululizo. Moduli ya Wi-Fi ya ampea 10 inaweza kuyeyuka, na ile iliyoandikwa 16 hufanya kazi pembezoni mwa uwezo wake ndani ya kisanduku chenye joto. Weka kontakta (rilei kubwa ya mizigo mizito) ya ampea 25, moduli iamrishe kontakta. Kuchemsha lita 100 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji kama yuniti 4, yaani saa 1 na dakika 20. Basi washa saa moja na nusu kabla watu hawajafika, na uzime mapema jioni. Usiwe na tamaa ya kushusha joto la tangi hadi 45 ili kuokoa zaidi. Bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi kwenye maji ya vuguvugu, kwa hiyo tangi lifike 60 kila siku linapotumika. Livike koti la kuhifadhi joto.

---

MsimamiziMajengo

Shukrani sana wakuu, nimenakili kila kitu. Muuzaji anasema pia tufunge kidhibiti kasi kwenye pampu ya maji, eti kasi ikishuka kwa asilimia 20 umeme unapungua nusu. Ni kweli? Na suala la mawimbi bado.

---

Baridi_na_Hewa

Hesabu yake ni sahihi, mahali pa kuitumia ndipo si sahihi. Nguvu hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.51. Hiyo inafaa kwenye feni, na kwenye pampu inayozungusha maji ndani ya mfumo uliofungwa. Pampu yako kazi yake kubwa ni kuinua maji hadi paani. Ule urefu haupungui kasi ikipungua. Ukishusha kasi, kuna mahali inafika ikawa inazunguka bila maji kufika juu, inachemka tu na kula umeme. Kwa pampu hiyo weka kihisi cha kina kwenye tangi, hakikisha vali ya kuzuia maji kurudi haivuji, na ipange ijaze saa ambazo umeme ni nafuu kama mkataba wenu una bei za nyakati.

Mkiwa na feni kubwa za hewa, hapo kidhibiti kasi kinalipa. Kwa mota ya zamani kiweke karibu na mota. Kebo ndefu huleta vilele vya volteji vinavyotoboa kihami cha koili, na urefu usipokwepeka funga kichujio kwenye pato. Usiishushe chini ya hezi 25 (nusu ya kasi yake ya kawaida) bila kuangalia joto lake, kwa sababu feni inayoipooza mota imefungwa kwenye shafti ile ile.

---

Basi_485

Mawimbi. Kwa kuta za zege na tofali nene usitegemee router moja kwa ghorofa ihudumie swichi 60 za Wi-Fi. Vitu visivyohama vipitishieni waya: mita na vidhibiti vya kwenye bodi viende kwa Modbus (lugha ya vifaa kuwasiliana) juu ya waya wa RS-485. Ni jozi moja ya waya iliyosokotwa, inapita kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja bila matawi, kizuizi cha omu 120 mwanzoni na mwishoni tu, kila kifaa na anwani yake. Matawi ndiyo chanzo cha "mita ya ghorofa ya tatu hupotea mara kwa mara".

Vihisi vya betri na rilei za darini vinaweza kutumia Zigbee, mawasiliano ya redio yasiyokula umeme mwingi. Vifaa vyenye umeme wa kudumu hupokezana ujumbe, basi funga rilei za ukumbini kwanza ziwe njia, ndipo vihisi vya vyumbani. Usifunge rilei ndani ya taa ya bati iliyozibwa pande zote. Zigbee na Wi-Fi hugombea masafa yale yale ya gigahezi 2.4, Wi-Fi ikiwa kwenye chaneli 1, 6 na 11, iweke Zigbee kwenye 15, 20 au 25. Mahali ambapo ukuta umeshinda, masafa ya chini ya gigahezi 1 hupenya vizuri zaidi, ukitumia yale yanayoruhusiwa nchini.

Ratiba zikae kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya jengo, wala si kwenye seva ya muuzaji. Mtihani ni huu: chomoa intaneti, kisha zima na hiyo kompyuta. Bila intaneti ratiba ziendelee. Bila kompyuta swichi ya ukutani bado iwashe taa, kwa hiyo swichi zisizo na waya zifungamanishwe moja kwa moja na rilei zao. Mkataba utaje itifaki (lugha za mawasiliano ya vifaa) zilizo wazi (Modbus, BACnet, MQTT, KNX) na mkabidhiwe nywila zote. Vifaa hivi viwe na mtandao wao, mbali na kompyuta za ofisi, na nywila za kiwandani zibadilishwe siku ile ile.

---

Kihisi24

Mimi ningebadilisha tu kila swichi iwe janja. Data ikiwa nyingi zaidi, maamuzi yanakuwa bora.

---

Fundi_Fezi3

Fanya hesabu, ndugu yangu. Taa ya wati 18 ya stoo inayowaka dakika 10 kwa siku inakula yuniti 1.1 kwa mwaka. Moduli ya Wi-Fi inayovuta wati 1 usiku na mchana inakula 8.8. Umeongeza matumizi mara nane ili kudhibiti taa ambayo haikuwa tatizo. Moduli 200 za namna hiyo ni yuniti 1,752 kwa mwaka. Kihisi kiende mahali penye mzigo mkubwa na watu wasiotabirika: vyumba vya mikutano, vyoo, korido, ofisi za wazi karibu na madirisha.

Na aina ya kihisi ina maana. Cha joto la mwili hakioni nyuma ya kizuizi, hivyo kwenye vyumba vidogo vya choo kitamwacha mtu gizani. Huko weka cha mawimbi ya redio. Cha mawimbi nacho hupenya kioo na mbao, kikiwekwa ofisini kitawasha taa kwa sababu ya mtu anayepita korido. Muda wa kuzima: ofisini dakika 15 hadi 20, korido 5. Ngazi zisiwe giza kamwe, na taa za dharura zisiguswe na mfumo huu.

---

Basi_485

Nimalizie swali la mwisho la mleta mada. Usilinganishe bili ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Joto hubadilika, na idadi ya watu pia. Chukua miezi 12 ya nyuma na uchore yuniti kwa siku dhidi ya wastani wa joto la nje la mwezi huo. Pata mstari unaopita katikati ya nukta. Baada ya kazi, kila mwezi tafuta kwenye mstari huo jengo la zamani lingetumia kiasi gani kwa joto la mwezi huo, kisha toa kilichotumika. Wapangaji wakiongezeka au seva mpya zikiingia, andika tarehe na mzigo wake, uurekebishe mstari.

Fanya kazi kwa awamu, ghorofa moja kwanza, nyingine zibaki kama zilivyo kwa miezi miwili. Kwa kuwa kila ghorofa ina mita yake, tofauti itaonekana bila kumtegemea muuzaji akuonyeshe grafu zake. Malipo yake ya mwisho yafungwe kwenye namba hiyo, na mkubaliane fomula kabla ya kusaini.